Muvi Mpya za Wiki Hii na Mvua Juu ya Bati

Muvi ikishindwa na mvua ya Tukuyu, kwangu imeshindwa. Wapo watakaosema naonea watu, lakini wilaya yetu ya Rungwe inapata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, nyumba zetu nyingi ni za bati na nyingi hazina dari. Mvua yenyewe hupenda kuja jioni, saa ambayo watu wameshakula, sabufa imewashwa na flashi imechomekwa. Ikianza kupiga bati husikii neno, hata uongeze sauti mpaka mwisho. Unabaki na picha tupu, na hapo ndipo utajua kama mtengenezaji alikuwa na hadithi au alikuwa na maneno tu.

Wiki hii mzigo mpya umeingia kwa kijana anayerusha muvi kwenye flashi za watu pale Mwanjelwa, Mbeya, na tangu juzi watu wananiuliza wachukue ipi. Nitasema. Ila nitasema kama mtu wa sebuleni, kwa sababu maoni mengi ya muvi tunayoyasoma yameandikwa na watu waliokaa ukumbini gizani, kila mmoja na kiti chake, hakuna anayeongea. Sisi huku tunaangalia nyumbani. Tunaangalia na bibi, na watoto, na mgeni aliyekosa gari la kurudi Kyela, na jirani ambaye umeme wake wa LUKU umekata katikati ya sizoni. Muvi inayosifiwa ukumbini inaweza kuadhirika vibaya kwenye chumba hicho. Na ile iliyodharauliwa huko ikawafanya watu wasahau maharage jikoni mpaka yaungue. Kwangu hiyo ya maharage ndiyo muvi.

Jambo moja kabla sijaanza. Kwa kijana yule hakuna mteja anayetaja jina la muvi lililoandikwa na wenyewe. Unasema, "Mwanangu, nirushie ile ya mzee wa farasi," naye anaijua. Kwa hiyo nazitaja kwa majina ya dukani, na ukienda utapewa hizohizo.

Mzee wa Farasi ni ya Kimarekani, nayo ndiyo bora ya wiki. Mwanajeshi mstaafu anaishi porini na mjukuu wake na farasi wawili. Majambazi wanamchukua mjukuu. Mzee anavuta sanduku lililokuwa chini ya kitanda, analifuta vumbi, analifungua. Nimeshakusimulia karibu yote na hujapoteza kitu, kwa sababu utamu uko kwenye kumwangalia anavyowafuata mmoja mmoja. Njia hii imekanyagwa zamani. Mwaka 1985 Arnold Schwarzenegger aliigiza Commando, baba aliyenyang'anywa binti yake akaenda kumchukua mwenyewe, na mpaka leo wapo wazee wasiojua neno la Kiingereza wanaoweza kukusimulia mkanda ule kutoka mwanzo. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini baba amekasirika.

Nusu ya pili ya Mzee wa Farasi tuliiangalia mvua ikimwagika, na sebule nzima ilijua adui yuko wapi, msaliti ni nani na bunduki imebaki na risasi ngapi. Watoto wa nyumba hii wamekua na sheria ya kwamba steringi, yaani shujaa wa muvi, hafi. Lakini mzee huyu amezeeka kweli. Anapumua kwa shida akipanda ngazi, magoti yanamsaliti, anashindwa kuruka ukuta na kulazimika kutafuta geti kama watu wengine. Kwa hiyo watoto waliogopa kwa dhati, na mtoto anayeogopa kwa dhati anakaa kimya, jambo ambalo peke yake lingetosha kuipa muvi hii sifa. Ilipofika pale daraja linakatika na adui mkuu akaenda nalo, mama mkwe alisimama akapiga makofi, kisha akaketi na kusema, "Si nilimwambia asipite hapo." Ni kweli alikuwa amemwambia.

Doa lake ni mtafsiri. Nawaheshimu sana watafsiri wa muvi. Kazi hiyo ilijengwa na watu kama Lufufu, aliyesimulia mikanda ya wageni kwa Kiswahili mpaka watu wa Dar es Salaam wakawa wanaulizia mkanda kwa sauti yake, na DJ Afro wa Kenya naye ana wapenzi mpaka huku milimani. Mtafsiri mzuri ni nusu ya muvi. Mvua ikipiga, sauti yake ndiyo pekee inayopenya bati, kwa sababu aliizoeza kushindana na kelele za kibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea muvi mtaani. Lakini huyu wa wiki hii hajui kunyamaza. Kuna mahali mzee anakwenda kwenye kaburi la mkewe, anavua kofia, anakaa chini. Hasemi kitu. Farasi naye anainamisha kichwa. Mtafsiri akaona ndiyo nafasi ya kutuuzia namba yake ya simu na kututajia marafiki zake wote wa Kariakoo. Nilikasirika kwa niaba ya marehemu. Mwache mzee alie, ndugu yangu. Dakika moja tu. Tutakupigia baadaye.

Na hilo la Kariakoo nalo nina neno. Watafsiri wetu wana ufundi mtamu wa kuihamisha muvi: gari likikimbizwa Chicago wao wanasema linapita Manzese ya Dar es Salaam, polisi wa London wanakuwa wametoka Oysterbay. Watu wanafurahi kwa sababu wanaiona barabara wanayoijua. Sasa na sisi tunataka siku moja lori lipoteze breki katika muvi na mtafsiri apige kelele kwamba linashuka Mlima Nyoka kuja Uyole, hapa kwetu Mbeya. Tunataka jambazi avuke mpaka wa Tunduma. Najua sebule ambazo siku hiyo zitalazimika kusimamisha muvi ili watu wamalize kushangilia.

Tuje nyumbani kwa Bongo muvi ya wiki, ile wanayoiita Aliyerudishwa Kijijini. Hapa naomba nisikilizwe na wahusika, kwa sababu naipenda Bongo muvi na ninainunua kwa wenyewe, sisubiri ya kurushiwa. Binti wa tajiri wa Dar es Salaam ana dharau. Baba yake anamwadhibu kwa kumpeleka kwa bibi yake mkoani Njombe akajifunze maisha. Wazo zuri. Nilikaa vizuri nikasubiri kuiona Njombe. Maandishi makubwa yakatokea kwenye skrini: NJOMBE. Na nyuma ya maandishi hayo, minazi.

Minazi, Njombe! Mkoa ambao mwezi wa saba umande unaganda kwenye nyasi, Makete wakiamka wanakuta shamba la viazi limekuwa jeupe. Bibi wa Njombe katoka nje alfajiri na kanga moja begani, miguu peku, anajipepea. Nilimsikia jirani akisema taratibu, "Huyo bibi atakufa." Katika muvi nzima ya saa mbili hakuna hata mtu mmoja aliyevaa sweta. Hakuna aliyeota moto. Hakuna aliyekunywa chai ya moto akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, namna ambayo mtu yeyote wa Iringa, Njombe au Mbeya hukishika kikombe chake tangu mwezi wa tano mpaka wa nane. Binti analalamika kuhusu mbu! Kama ningekuwa na mamlaka, ningempandisha mtengenezaji basi la kwenda Makete mwezi wa saba, aende na fulana ileile aliyomvalisha yule bibi.

Nasema kwa uchungu kwa sababu waigizaji wenyewe ni wazuri. Bibi yule ana uso unaoweza kubeba hadithi yoyote. Pale anapompa binti jembe na binti analishika upande usio wake, bibi anamwangalia tu, na sebule yetu ilicheka mpaka mtoto aliyelala akaamka. Hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya mchekeshaji King Majuto, Mungu amrehemu, aliyetutoka Agosti 2018. Majuto alikuwa akiingia mlangoni, kabla hajafungua mdomo, nyumba inaanza kucheka. Ungeweza kuzima sauti kabisa. Mwigizaji marehemu Steven Kanumba naye, aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na miaka 28 tu, alijua kucheza na watoto mbele ya kamera, kama alivyofanya katika Uncle JJ, na muvi ya namna hiyo mtoto na bibi wanacheka mahali pamoja bila mmoja kumfafanulia mwingine. Uwezo upo. Ila robo tatu ya Aliyerudishwa Kijijini ni watu wawili kwenye sofa wanaongea, kamera inakwenda kwa huyu, inarudi kwa yule, na mvua ilipoanza ikawa tunaangalia midomo.

Sasa nifike kwenye mtihani mkubwa wa sebule, unaowaumbua hata Wamarekani wenye mabilioni yao. Mume wangu ni wa Rungwe. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana, yaani mke wa mtoto, na baba mkwe hawakutazamana kabisa. Akimwona anakuja, mkamwana aliacha njia akapita majanini, na kama mzee yuko ndani yeye hakuingia. Vijana nao walikuwa na vijiji vyao vya rika, wakila na kuongea na wa umri wao. Kila rika na mahali pake, na mambo mengi yalisemwa kwa raha kwa sababu wa rika lingine hayupo. Televisheni ndiyo iliyotukusanya wote. Siku hizi baba mkwe anakaa kwenye kiti cha dirishani, mimi niko mkekani na watoto, na ninashukuru kwa hilo, kwa sababu ni mzee mwenye maneno matamu na ningekosa mengi. Lakini muvi ikileta busu, desturi yote ya mababu inarudi chumbani kwa sekunde moja.

Hakuna anayeamrishwa, kila mtu anajua zamu yake. Mama mkwe anakumbuka maziwa jikoni, hata kama hakuna maziwa. Baba mkwe anatafuta kofia ambayo iko kichwani. Mimi nafunga kiatu cha mtoto ambaye hana viatu. Mwenye rimoti ndiye mkuu wa ukoo kwa wakati huo, na akiwa mzembe hatasahaulika. Kwa hiyo muvi njema, pamoja na mengine yote, inabisha hodi. Muziki unabadilika, mshumaa unawashwa, mtu anafunga pazia. Sebule inapata muda wa kujipanga. Katika ile ya Kimarekani wanayoiita Fundi Bomba, wawili walikuwa wanabishana kuhusu bomba linalovuja. Bomba la maji! Wameinama chini ya sinki, mmoja ana spana mkononi. Mimi nilikuwa nimetulia kabisa, hata ningeapa hakuna hatari. Ghafla. Hakuna muziki, hakuna pazia, na mvua siku hiyo ilikuwa imekatika, kwa hiyo kila kitu kilisikika. Baba mkwe alitoka nje kuangalia mawingu na akarudi baada ya habari ya saa mbili. Fundi Bomba ni muvi nzuri ya kuchekesha, iangalie ukiwa na rika lako tu.

Hili lina sababu yake. Nchi hii ina sheria ya filamu na michezo ya kuigiza tangu mwaka 1976, na Bodi ya Filamu hupanga muvi kwa umri wa watazamaji. Zamani ulipokwenda kukodi mkanda au CD, kava lilikuwa mkononi mwako. Ulisoma umri, ulimwona steringi, ulimwona na dada aliyevaa kidogo pembeni, ukajua hii ni ya kuangalia usiku. Mwaka 2013 zikaja na stempu za kodi juu ya kava. Flashi imeondoa yote hayo. Unapewa orodha ya majina, nayo yameandikwa hovyo, na muvi ya watoto imelala jirani na muvi ambayo hata mimi mtu mzima sitaki kuijua. Nilimwomba yule kijana atengeneze folda ya familia, aweke humo zile tu ambazo mkamwana anaweza kuangalia na baba mkwe. Mwanzoni alicheka. Sasa ndiyo folda inayoombwa kuliko zote, na wanaoiomba zaidi ni wanaume. Warushaji wengine wa Kabwe, Mafiati na Mbalizi wafanye hivyohivyo, haichukui nafasi ya ziada hata kidogo.

Ya Kinigeria ya wiki, Mama Mkwe Mchawi, nisingependa kuizungumza sana kwa sababu tuliiangalia na mama mkwe. Alikuwa upande wa mama mkwe mwanzo hadi mwisho, na alitoa hoja ambazo kwa kweli muvi yenyewe haikuzijibu. Wanigeria nawasifu kwa jambo moja: wao waliijua sebule kabla yetu. Living in Bondage ya mwaka 1992 iliuzwa kwa mikanda ya VHS, ikaingia moja kwa moja majumbani kwa watu, na tangu hapo wanajua kwamba mtazamaji wao ana sufuria jikoni. Wanarudia jambo muhimu mara tatu. Ukitoka kugeuza ndizi ukarudi, bado analia palepale.

Ya Kihindi, Kaka Wawili, ni saa tatu na umeme ulikatika mara mbili, haikudhurika. Ya mizimu siipendekezi: yote imepigwa gizani, na dirisha likiwa wazi unachokiona kwenye TV ni sura yako mwenyewe. Nyingine, ile ya magari, ni kopi ya kamera, mtu kaingia nayo ukumbini akairekodi, na katikati ya mbio kichwa cha mtazamaji kinasimama, kinakwenda chooni na kinarudi. Hii ni wizi, sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ipo, na zaidi ya wizi ni kumfanya mtu alipe pesa aangalie kisogo.

Nimeiacha sizoni ya Kikorea mwisho kwa sababu nyumba hii bado haijatulia nayo. Dukani wanaiita Mama wa Supu. Ina sehemu 16 kama zilivyo nyingi za Kikorea, na ikiwa una wazee nyumbani, anza nayo hata kabla ya Mzee wa Farasi. Mjane anauza supu kituo cha basi, mwanawe anasomeshwa kwa supu hiyo, halafu mwana anaoa kwa matajiri na kumwonea aibu mama. Wakorea wanaijua heshima. Kijana anampa mzee kikombe kwa mikono miwili, anainama, hasemi kabla mkubwa hajasema. Baba mkwe aliwaangalia kwa muda mrefu akauliza hao ni watu wa wapi, maana wamelelewa. Busu lenyewe linakuja sehemu ya tisa, linabisha hodi tangu sehemu ya sita, na likifika ni la sekunde mbili kwenye theluji, mmoja kafumba macho na mwingine kashangaa.

Na baridi! Hawa ndio watu wa kwanza katika mzigo wa wiki hii wanaovaa kama sisi. Makoti, skafu, mvuke unawatoka mdomoni wakiongea, wanapuliza viganja. Mama mkwe alivuta blanketi akawahurumia. Mama wa supu akifungua sufuria asubuhi na mvuke ukajaa kibanda, kila mtu sebuleni alinusa kitu ambacho hakikuwepo, na usiku ule nilichemsha supu ya mifupa bila mtu kuniomba. Kama Wakorea wanaweza kutupigia picha ya baridi namna hiyo wakiwa mbali vile, waliopo Dar es Salaam hawana cha kujitetea.

Tatizo ni mwisho. Mama wa supu anaingizwa hospitali, mwanawe anakimbia kwenye theluji, anafika, mlango unafungwa. Tunaona kibanda asubuhi, na mtu kainama juu ya sufuria, sura haionekani. Basi, majina yanapanda. Watoto wanasema amekufa na yule ni mkwewe aliyejifunza kupika. Baba mkwe anasema ni mwenyewe, amemtambua kwa namna anavyoshika upawa, na upawa huo anaushika kwa mkono wa kushoto tangu sehemu ya kwanza. Nilirudisha nyuma, ni kweli anaushika kwa kushoto, lakini mkwe naye katika sehemu ya kumi na nne anakula kwa kushoto. Mama mkwe hataki kusikia. Ameniagiza nikienda sokoni kesho nipite kwa yule kijana nimuulize kama kuna sizoni ya pili, na kama hakuna, nimuulize yeye amesikia nini.